Diwani na Kura za Kisiwani

Siku hizi kila mtu anadai alikuwa upande wa Diwani. Nenda msibani huko kwetu Muleba, kaa kwenye nyasi zilizotandazwa, subiri kidogo tu. Akitajwa, utasikia mmoja akisema, "Mimi nilimwambia kabisa, Mama, simama hapohapo." Mwingine atadakia kwamba alimpigia simu kumtia moyo. Wa tatu atasema angesimama naye ukumbini, ila siku ile alikuwa anauguza. Waongo wote. Nilikuwa ukumbini. Niliwaona wakiinamisha vichwa na kujifanya wanasoma simu zao, na simu za baadhi yao nilijua hazina chaji, maana asubuhi waliniomba wazichomeke kwenye jenereta langu nikawakatalia.

Kazi yangu ni vipaza sauti. Nakodisha spika, maiki na jenereta. Nina kibanda Kahororo, pale Bukoba mjini, na gari la kubebea vyombo. Harusi, misiba, mahubiri, mikutano ya siasa, wote nawahudumia, na vyama vyote. Kwa hiyo uongo mwingi uliosemwa huku kwetu umepita kwenye nyaya zangu. Nimezoea. Mwanasiasa akiahidi daraja mahali pasipo na mto, mimi nasikiliza tu kama sauti inakwaruza. Lakini upo uongo mmoja ambao hadi leo nikiukumbuka damu inanichemka, na mtu pekee wa chama kile aliyesimama kuukataa ni mwanamke ambaye, nikisema kweli, sikuwahi kumpenda sana.

Nitamwita Diwani kwa sababu kila mtu alimwita hivyo. Marehemu mumewe alimwita Diwani. Wajukuu wake walimwita Diwani. Nilikua nikidhani ndilo jina alilobatizwa.

Kibanja chake, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani, kimepakana na cha mama yangu. Kati ya chake na chetu kuna safu ya migomba tu, lakini safu ile haikuweza kuzuia sauti yake. Alikuwa akimwita mtu wa upande wa pili wa bonde na yule mtu anaitika. Alipogombana na mfanyakazi wake sisi tulijua kosa, adhabu na msamaha. Alipita nyumba za watu bila kualikwa akakagua vyoo, akafungua vifuniko vya matangi ya maji, akauliza kwa nini mtoto huyu yuko nyumbani siku ya shule. Kwenye harusi alionja chakula kabla ya maharusi na kutangaza kama ndizi zimeiva au la. Mama yangu alikuwa akimwona anakuja, anasema, "Mungu wangu, serikali imefika," kisha anatoka kumpokea kwa heshima zote na kumkaribisha kahawa ya kutafuna.

Wala hakuwa mkweli katika kila jambo. Wanaomsifu leo wanamfanya malaika na hilo nalo linaniudhi, kwa sababu malaika hana kazi ya kusema kweli, kweli anayo tu. Diwani alipaka nywele rangi na kujipunguzia umri mbele ya watu aliosoma nao. Daktari alimkataza chumvi. Akasema ameacha, na tulimwona akiinyunyiza. Na kila kampeni aliahidi barabara ya kwenda mwaloni, pale boti za samaki zinapotia nanga. Barabara hiyo mpaka leo ni mfereji. Siku moja spika yangu ilianguka kutoka kwenye gari katika njia ile ikapasuka. Nilimfuata kwa hasira.

"Mama Diwani, barabara yako imenivunjia spika."

"Barabara yangu? Mimi nina barabara? Kaiambie mvua."

"Lakini uliahidi."

"Niliahidi itakuja. Uliniuliza lini?"

Ndivyo alivyokuwa. Alipenda kushinda, na alijua njia za kushinda. Ila kulikuwa na mstari ndani yake, mahali fulani ambapo mimi sikupajua, na nadhani hata yeye hakupajua mpaka walipomsukuma akafika.

Chama chake alikipenda kama watu wanavyopenda ukoo. Mumewe alipofariki, wanachama walikuja na masufuria, kuni na magunia, wakapika na kuosha vyombo mpaka waombolezaji wa mwisho walipoondoka. Hakusahau. Bendera ya chama iliyokuwa langoni kwake aliifua mwenyewe kwa mikono, akaipiga pasi ya mkaa, akairudisha. Alipoanza kuugua miguu alimtuma mtu aipandishe, naye akasimama chini akifoka kwamba imepinda. Kaka yake wa tumbo moja alipohamia chama kingine, Diwani alikataa kula kwake msimu wote wa kampeni. Akienda kumsalimu alisimama nje, akauliza hali za watoto, akaondoka. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, akatokea na mkungu mkubwa wa ndizi kichwani mwa kijana wake wa kazi, akaketi sebuleni kwa kaka yake, akala na kucheka kama vile hajawahi kukosekana.

Hapo ndipo napenda watu waelewe. Hakuwa mtu aliyekuwa na kinyongo na chama, akisubiri nafasi ya kukiaibisha. Alikuwa ndiye mwanachama wao wa kweli kuliko wote.

Kata yake ilikuwa na kisiwa. Huko kuna kambi za wavuvi, vibanda vya mabati, vichanja vya dagaa, na watu ambao wazazi wao walitoka Ukerewe, Musoma, Geita na kwingine kote kuzunguka ziwa. Wengi wamezaliwa palepale. Watoto wao wanasoma palepale. Lakini Kihaya chao ni cha kuokoteza, na huku bara wapo watu wetu ambao mtu asiyejua Kihaya kwao ni mgeni hata akikaa miaka mingapi.

Na Diwani mwenyewe hakuwa mbali sana na watu hao. Alikuwa akisema mbele yangu, "Mtu hana hata mgomba mmoja, utamwita mwenyeji wa wapi?" Aliwalaumu kwa kelele za muziki, kwa pombe, kwa kuhamahama kufuata samaki. Ziwa lenyewe alilichukia. Akipanda boti alitapika kuanzia inapoondoka mpaka inapofika, ameshika mfuko wa plastiki kwa mkono mmoja na ubao wa boti kwa mkono wa pili. Hata hivyo alikwenda. Alishuka akiwa amelowa jasho, akasukutua mdomo, akaanza kufoka papo hapo. Kisiwani walimwita Mama Kelele.

Aliyekuwa akimjibu ni Mama Ester, mwanamke mfanyabiashara wa dagaa, mwembamba, mwenye ulimi mkali kama wake. Waligombana juu ya choo cha kambi. Diwani alitaka kijengwe mbali na maji, Mama Ester alisema huko mbali wanawake wataogopa kwenda. Walirushiana maneno hadharani mpaka wavuvi wakaacha nyavu wakaja kutazama. Mwishowe choo kilijengwa pale Mama Ester alipotaka, kwa saruji ambayo Diwani aliihangaikia kwenye kila ofisi. Watu wakakiita Choo cha Diwani. Alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Wengine wanapewa shule," akasema, "mimi nimepewa choo."

Basi uchaguzi ukafika. Diwani alishinda udiwani wake. Mgombea ubunge wa chama chake alishindwa. Kushindwa kwake hakukuhitaji mganga. Alipochaguliwa mara ya kwanza aliondoka na hatukumwona tena mpaka aliporudi kuomba kura. Kuna mahali alizomewa nikiwa nimeshika mitambo. Nilipunguza sauti ya maiki ili asisikike akitukana. Watu walimchoka bara, wakamchoka na kisiwani. Ni jambo la kawaida duniani, mtu kukataliwa.

Lakini siku chache baadaye niliitwa kufunga spika mbele ya ofisi ya chama chao. Katibu wao, mtu mtanashati mwenye sauti laini, akasimama akatangaza kwamba wameporwa. Kwamba wageni kutoka ng'ambo ya ziwa walivushwa kwa mitumbwi wakapiga kura kisiwani. Hakusema nani aliwaona. Hakusema walishukia wapi. Alisema "wageni" na watu wakashangilia, akaona limepokelewa vizuri, akalirudia tena na tena. Nilikuwa nimevaa visikizio, neno lile linanigonga masikioni.

Diwani alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuwa ameanza kupiga makofi, kisha mikono ikasimama.

Mkutano ulipoisha nilikuwa nakunja nyaya, Diwani na Katibu wakiwa karibu yangu.

"Katibu, wageni gani hao?"

"Mama, hilo ni suala la chama."

"Kisiwa ni changu. Siku ya kura nilikuwa huko tangu vituo vinafunguliwa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Utaelezwa, Mama. Kuwa na subira."

Akawa na subira. Wanaosema alikimbilia kukianika chama hadharani hawajui wanachosema, au wanajua sana. Alikwenda ofisini kwao mara nyingi, akakaa kwenye benchi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Aliwaambia kwa faragha kwamba jambo hilo si kweli, waliache taratibu, watu watasahau. Wakamwambia wanaandaa kesi, na kwamba yeye ndiye shahidi mzuri kuliko wote kwa kuwa alikuwa kisiwani. Aseme tu aliona sura asizozijua.

"Nikawaambia," alimsimulia mama yangu kwenye kahawa, "sura nisizozijua ziko hapo ofisini kwenu. Kule kisiwani nimegombana na kila mtu. Unaweza kugombana na mtu usimjue sura?"

Mama akamwambia, "Waitu, mwenzangu, nyamaza tu. Wewe kiti chako umepata."

Alikuwa ananyamaza kweli. Na labda angenyamaza moja kwa moja, maana chama ni chama, kama wale vijana wasingekwenda mwaloni.

Siku ya gulio, asubuhi, boti za kisiwani zilipokuwa zinashusha dagaa, lilitokea kundi la vijana wamevaa fulana za chama. Walikuwa na fimbo. Walisimama pale watu wanapopandia kutoka majini, wakamwamuru kila anayeshuka asalimie kwa Kihaya. Ukijua, unapita. Usipojua, wewe ni mmoja wa wale wageni, magunia yako yanamwagwa kwenye matope. Watu waliokuwa sokoni walitazama. Majirani zangu, watu ninaowajua, walisimama na vikapu vyao wakatazama. Wapo waliocheka lafudhi za watu waliokuwa wanajaribu kusalimia huku wanatetemeka. Sijawasamehe, na wakinisalimu njiani naitika kwa kichwa tu.

Mama Ester anajua Kihaya. Kazi yake ni kuwauzia Wahaya. Angesema neno moja akapita. Akawaambia, "Mimi simsalimii mtu aliyeshika fimbo."

Walimsukuma, akaanguka juu ya ukingo wa boti, mkono wa kulia ukavunjika.

Nilifika baadaye kidogo, nikiwa nimepeleka vyombo kwenye harusi ya huko. Diwani alikuwa ameshafika kwa pikipiki, kanga moja imemdondoka njiani. Tulimpakia Mama Ester garini kwangu, katikati ya mimi na Diwani, tukaanza safari ya hospitali katika barabara ile ambayo haijawahi kuja. Kila shimo Mama Ester aliuma meno. Diwani hakusema neno. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kukaa naye karibu nisimsikie.

Tulipofika kwenye lami, Mama Ester ndiye aliyezungumza.

"Diwani, mimi kura nilikupa wewe."

"Najua, mama."

"Mkono wenyewe niliopigia ni huu."

Diwani alijifunika uso kwa kitenge chake, kile cha chama, akakaa hivyo mpaka hospitali.

Wiki zilizofuata chama kikaitisha mkutano mkubwa ukumbini, Muleba mjini. Viongozi wa kata zote, madiwani wao, wazee. Mimi nikaitwa na vyombo. Ratiba ilikuwa kwamba Katibu atasoma tamko juu ya wageni, kisha madiwani watasimama mmoja mmoja kuliunga mkono. Nilishangaa kumwona Diwani kwenye meza ya wazungumzaji. Nadhani walimweka mbele makusudi, wakijua mapenzi yake kwa chama, wakidhani mbele ya watu wote hatathubutu.

Alipewa maiki. Alivaa gauni jeupe, na nywele alikuwa hajazipaka rangi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akaanza, "nimeambiwa nizungumzie wageni waliopiga kura kisiwani. Nimewatafuta. Sikuwaona."

Watu wakacheka, wakifikiri ni utani wa kufungulia hotuba.

"Nilikuwa huko siku nzima mpaka kura zikahesabiwa. Mawakala wetu walikuwepo vituoni, mmoja ni mtoto wa dada yangu. Hakuna aliyelalamika siku ile. Malalamiko yameanza tulipoona tumeshindwa. Mgombea wetu watu hawakumtaka. Hawakumtaka kisiwani, na hapa Muleba hawakumtaka, na hapa hakuna mtumbwi uliofika."

Kicheko kilikatika. Katibu akanigeukia, akapitisha kiganja shingoni, nizime. Nilikuwa bado sijafanya uamuzi wowote. Diwani alimwona, akaiweka maiki mezani taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Usihangaike, mwanangu," akaniambia, "hii siihitaji."

Na hakuihitaji. Sauti ile iliyotuudhi miaka yote kule kijijini ilijaa ukumbi mpaka nje kwa waendesha pikipiki.

"Mimi mmenipongeza kwa kushinda udiwani. Kura zangu zimepigwa na watu walewale, siku ileile, kwenye sanduku lililokuwa jirani. Mtu aliingia, akanipa mimi kura, akageuka akamnyima mwenzangu. Sasa mtuambie aligeuka mgeni saa ngapi? Kama kura zile ni za wageni, na mimi ni diwani wa wageni. Nivueni sasa hivi, hapa hapa."

Hapo ndipo niliona vichwa vikiinama.

"Na wale vijana wa mwaloni tuliwatuma sisi. Msiseme hatuwajui. Tuliwatuma kwa maneno yaliyotoka kwenye haya maboksi hapa," akanyoosha kidole kwenye spika zangu, na mimi nilihisi uso unanichoma. "Mwanamke amevunjwa mkono. Nakipenda chama hiki kuliko nyinyi nyote mliokaa humu. Sitaki mtu akitaja jina la chama changu, mwenzake akumbuke uongo. Nimemaliza."

Akaketi. Mwenyekiti akasema Mama amechoka, ana presha, asaidiwe kupata hewa. Wanawake wawili wakamshika mikono kama mgonjwa wakamtoa nje. Kisha madiwani wengine wakasimama mmoja mmoja wakaunga mkono tamko. Mmoja wao kata yake ina mwalo, na alikuwa anajua ukweli kama Diwani alivyoujua. Alisimama akasema wageni ni tatizo kubwa. Sauti yake ilitoka safi kabisa, bila mkwaruzo.

Huyohuyo ndiye aliyemfuata Diwani nje, kando ya ukuta ambako nilikuwa napakia vyombo garini.

"Mama, ulichosema ni kweli tupu. Kosa lako ni kukisema kwenye maiki."

"Sikutumia maiki," akamjibu.

Walimfukuza uanachama. Na kwa sheria zetu, diwani asiye na chama hana kiti. Hivyo kura zilizopigwa kisiwani na bara, kura ambazo wao wenyewe hawakuwahi kuzitilia shaka, zikafutwa kwa kikao cha watu wachache waliofunga mlango na kunywa soda. Waliokuwa wanalia kwamba wameporwa kura wakapora kura mchana kweupe, na hakuna aliyecheka, hakuna aliyeona haya. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, wakamweka mtu mwingine, akapita.

Vijana walitumwa kuja kuondoa bendera langoni kwake. Nilikuwa nyumbani kwa mama siku hiyo. Walikuja wakiwa wamejiandaa kwa ugomvi, na mimi nilitoka nikiwa nimejiandaa pia. Diwani aliwaambia wasubiri. Aliishusha mwenyewe, akaingia nayo ndani, akakaa humo muda. Alipotoka ilikuwa imepigwa pasi na kukunjwa vizuri.

"Muishike hivi," akawaambia. "Msiiburute."

Wakaondoka kimya kuliko walivyokuja.

Baada ya hapo wanawake wa kikundi chake wakaanza kufanya vikao bila kumwambia. Watu aliowatafutia saruji na dawa na nafasi za shule wakapita langoni kwake wakiangalia upande wa pili, eti wasije wakaonekana. Mama yangu aliendelea kwenda, ila alianza kupitia katikati ya migomba badala ya njia kuu. Diwani aliliona hilo. Hakusema kitu, na kwa mtu kama yeye kutosema kitu kulikuwa kama kuugua.

Na ile kesi? Haikufunguliwa. Wageni waliovuka ziwa walisahauliwa kama ndoto. Nilipiga muziki kwenye harusi moja Bukoba ambako mgombea aliyeshindwa na mbunge aliyemshinda walikaa meza moja, wakapokezana maiki yangu kutaniana. "Huyu ndugu yangu alinitoa jasho," alisema mmoja, ukumbi ukavunjika mbavu. Mama Ester wakati huo alikuwa anajifunza kusuka vichanja kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia uliunga vibaya. Nilitamani kuchomoa waya wote niwaache wanong'onezane gizani.

Diwani alihamia Nshambya, pale Bukoba, kwa binti yake. Alisema ni kwa ajili ya hospitali, kwamba mjini iko karibu. Miezi ilipita, ikawa miaka, nami nilikuwa nikimpitia mara mojamoja nikitokea Muleba.

Mara ya mwisho ilikuwa mwaka huu wa kampeni. Nilimpelekea mkungu kutoka kwa mama. Nilimkuta barazani na beseni, anamenya ndizi za mchana. Nywele zilikuwa nyeupe zote, miguu imevimba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenenepa. Unakula za misibani?"

Nikafurahi, nikajua ni mzima. Hatujafika mbali katika mazungumzo, gari kubwa likasimama langoni, likiwa na picha za wagombea ubavuni. Akashuka Katibu, na nyuma yake mwanamke mmoja aliyevaa kitenge cha chama. Katibu alikuwa amepanda cheo, lakini sauti ilikuwa ileile laini. Alimsalimia Diwani kwa kuinama, akamwita mama yetu mzazi, akauliza presha. Diwani aliendelea kumenya.

"Mnataka nini?"

"Mama, tuyaache ya nyuma. Tuna shida kule kisiwani. Boti yetu ikitia nanga watu wanaingia ndani, wanafunga milango. Hawatusikilizi kabisa. Wewe wanakuamini." Akatoa kadi mfukoni, akaiweka kwenye kigoda karibu na beseni. "Uanachama wako tumeshaurudisha. Twende nawe Jumamosi, uwasalimie tu."

Diwani aliitazama ile kadi. Aliitazama kwa muda mrefu, na mimi nilimwona mkono ukitaka kuinuka.

"Mmekwenda kwa Mama Ester?" akauliza.

"Nani?"

Alisema hivyo. Wala hakuwa anajifanya. Alinigeukia hata mimi, kama labda ningemsaidia.

Diwani akaweka kisu chini. "Nitakuja. Nitapanda boti yenu na kutapika njia nzima. Ila wewe utatangulia kusema. Utasimama mwaloni, watu wakiwa wamejaa, useme: tulisema wageni walipiga kura hapa, na tulidanganya. Basi. Ukimaliza, mimi nitawaombea kura."

Katibu akacheka kwa adabu. "Mama, siasa haiendi hivyo. Mambo hayo watu wameshayasahau."

"Kama wameyasahau, milango wanafunga kwa nini?"

Katibu akaona hakuna kingine, akaichukua kadi akairudisha mfukoni. Yule mwanamke alibaki nyuma, akapiga goti mbele ya Diwani, akamshika mkono uliojaa utomvu wa ndizi. Katibu alipopiga honi alikimbia kwenda garini.

Gari lilipoondoka nilimwambia, "Umefanya vizuri, Mama. Umewaonyesha."

Alinigeukia macho yakiwa mekundu. "Nimewaonyesha nini? Angesema ndiyo, ningekwenda."

"Baada ya yote haya?"

"Ningekwenda leo hii, na miguu hii."

Hapo nilipandwa na hasira. Nilisimama. Nilimwambia kwamba watu hawa walimfukuza, walimnyang'anya kiti, walimfanya asikanyage kwake, na mtu waliyemvunja mkono hata jina hawamjui. Nilipaza sauti mpaka jirani akachungulia. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mzazi.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza? Sasa niambie. Wengine wazuri nikawasubiri watoke wapi?"

Swali hilo mpaka leo linaniudhi kuliko Katibu na gari lake. Diwani aliingia ndani, akarudi na kisu cha pili, akanisogezea mkungu wa mama. Tulimenya, maganda yakilundikana miguuni, mpaka binti yake alipotoka kazini akatukuta tumejaza beseni zima, ndizi za kulisha nyumba tatu.